Jinsi ya kuwatembeza watu kwenye njia za watoro, kuanzia Mji wa Kale Mombasa mpaka Rabai

Mgeni akija Mombasa kutembezwa anaonyeshwa Fort Jesus, anaonyeshwa milango ya nakshi, anakunywa kahawa chungu kibarazani alafu huyo anarudi hotelini, na habari ya utumwa ikitajwa basi itakua ni minyororo na majahazi, watu walikamatwa wakapelekwa wakauzwa, kwisha. Hapo bado hujamwambia chochote kuhusu wale waliokataa. Na walikua wengi jamani. Miaka ya 1870 na 1880 pwani yetu hii ilikua na vijiji vizima vya watoro, watu waliotoka kwenye mashamba ya Malindi, Takaungu na hapahapa Mombasa wakaingia bara kwa miguu, wakajenga, wakalima, wakajizungushia maboma, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati yao wakapata hati za uhuru baada ya mvutano mkubwa ulioanzishwa na miguu yao wenyewe.

Maelekezo haya ni ya mtu yeyote anaetaka kuongoza matembezi hayo, uwe mwalimu na wanafunzi wako, kijana anaefanya kazi ya kutembeza wageni, au mzazi tu unaetaka wanao wajue. Ni safari ya siku moja, asubuhi Mji wa Kale, kisha Kengeleni, mchana Rabai. Sehemu za kutembea utatembea, sehemu za mbali utapanda matatu, hakuna haja ya kuwatesa watu na jua la Nyali Bridge.

Kabla hujaita watu, soma kwanza

Kuna jambo moja ukilikosa matembezi yote yanakua hadithi zisizoshikana. Watu hudhani utumwa ulipigwa marufuku siku moja na kila mtu akawa huru. Haikua hivo kabisa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, ambae ndo alikua anatawala pwani hii, alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko. 1876 akatoa amri nyingine ya kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu, manake wafanyabiashara baada ya kubanwa baharini walianza kuwatembeza watu kwa miguu kandokando ya pwani kutoka Kilwa kuja kaskazini. Lakini kumiliki mtumwa kulibaki halali. Kuuza na kununua kukapigwa marufuku 1890, Unguja na Pemba sheria ikaacha kuutambua utumwa 1897, na kwetu huku pwani ya Kenya mpaka 1907.

Sasa weka hizo tarehe pamoja uone. Mtu aliyekamatwa na manowari ya Waingereza akiwa ndani ya jahazi mwaka 1880 alihesabiwa huru mara tu anapotolewa mle ndani. Mtu wa mwaka huohuo, pengine ndugu yake wa damu, ambae alishauzwa zamani na yuko shambani Malindi, huyo sheria ilimhesabu mali ya bwana wake, na akikimbia yeye ndo mkosaji. Anaempokea pia mkosaji. Kwahiyo walikuepo watu wa namna mbili, mateka waliotolewa baharini na watoro waliojitoa wenyewe, na ukishalielewa hilo njia yako yote inanyooka: Frere Town, ndo Kengeleni ya leo, ilijengwa kwa ajili ya wale wa kwanza, na kituo cha wamisionari cha Rabai kikajaa wale wa pili. Waambie watu wako hili mapema kabisa, kwa maneno mepesi, alafu lirudie kila kituo kwa sababu watasahau.

Jambo la pili la kusoma ni walikotoka. Wengi walitoka mbali sana kusini, upande wa Ziwa Nyasa, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wakapitishwa Kilwa. Malindi ilifufuliwa miaka ya 1860 ikawa nchi ya mashamba makubwa ya nafaka, na mashamba yale yalikua yanameza watu. Mtoro wa Malindi kwahiyo hakua anakimbilia kwao, kwao ni mwezi na zaidi wa kutembea na njia yenyewe imejaa wakamataji. Alikua anakimbilia mahali ambapo hajawahi kupaona, kwa watu ambao pengine lugha yao haijui. Mimi hili ndo huwa nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu msikilizaji anaeuliza "si wangerudi kwao tu?" anauliza swali zuri na anastahili jibu.

Kundi na siku yenyewe

Chukua watu wachache, kumi na wawili hivi inatosha, kumi na watano ndo mwisho, vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na kuna watu wanaishi pale wana shughuli zao, kuna mikokoteni, kuna pikipiki. Anza saa moja asubuhi, saa moja na nusu mwisho. Waambie wavae viatu vya kutembelea, wabebe maji, kofia, na wavae nguo za heshima manake mtapita karibu na misikiti na baadae mtaingia kanisani. Ijumaa usipange, au kama lazima basi mmalize Mji wa Kale mapema kabla watu hawajaanza kwenda kuswali. Picha za majengo sawa, lakini picha za watu mpaka waombwe, na pale bandari ya zamani uliza kwanza kabla mtu hajatoa simu.

Tiketi za Fort Jesus na za makumbusho ya Rabai zinasimamiwa na Makumbusho ya Taifa, bei za raia, wakaazi na wageni wa nje zinatofautiana na hubadilika, kwahiyo angalia wiki hiyohiyo na uwajulishe watu mapema. Rabai wapigie simu kabla ya kwenda, hasa ukiwa na wanafunzi, ili mkute mtu wa kuwafungulia na kuwaelezea.

Kituo cha kwanza: Fort Jesus, nje

Kutanika hapo nje kwenye kivuli. Kuingia ndani kunachukua masaa mawili na kutakula muda wa Rabai, kwahiyo wanaotaka kuingia waje siku nyingine. Hapa unatoa historia ya nani alitawala nini, kwa ufupi sana: Wareno walijenga kuanzia 1593, baadae Waomani, ukoo wa Mazrui, alafu Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, akaichukua Mombasa 1837, alafu watoto wake, Barghash akiwemo. Inatosha.

Kuna mtu atakuuliza kuhusu ile njia ya chini iliyochongwa kwenye jiwe inayotokea baharini, amesikia kwamba watumwa walipitishwa humo. Mjibu kwa upole kwamba njia ile ni ya Wareno, walichonga kupata mlango wa baharini wa kupitishia vitu na watu wa ngome. Usiongeze chumvi. Historia ya utumwa wa hapa ina mambo ya kweli mazito ya kutosha, na ukitia la uongo moja tu mtu akaligundua atatilia shaka na yale ya kweli, hilo ni deni unalowabebesha wale watu waliokufa bila kuandikwa jina.

Kituo cha pili: Leven House na ngazi zake

Fuateni Ndia Kuu taratibu mpaka mteremke upande wa bandari ya zamani. Leven House imechukua jina la manowari ya Waingereza, HMS Leven ya Kapteni Owen, aliyekuja 1824 wakati Mazrui wa Mombasa wanataka kulindwa dhidi ya Sayyid Said. Owen akakubali kuwawekea bendera ya Uingereza, na sharti lake moja likawa biashara ya watumwa ikomeshwe. Serikali ya London haikuukubali mpango huo na kufika 1826 bendera ikashushwa wakaondoka. Eleza hivohivo, dakika tano, kwa sababu inaonyesha kwamba ahadi za wakubwa zilikua zinakuja na kuondoka na mtu wa chini hakuweza kuzitegemea.

Alafu shukeni ngazi mpaka karibu na maji, na hapa ndo pa kukaa. Hiki kwangu ni kituo muhimu kuliko vyote vya asubuhi ingawa hakuna mnara wala kibao cha watoro.

Simamisha watu waangalie maji, ng'ambo ile. Waulize: wewe uko kisiwani, ni usiku, umeamua unaondoka, unapitaje? Nyamaza waache wajibu. Wengine watasema kuogelea. Wengine mtumbwi. Acha wabishane kidogo alafu anza kuwaelezea, maji haya yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwa upande wa magharibi kule Makupa maji yakipwa palikua panavukika kwa miguu, toka enzi za Wareno pale palikua pakilindwa kwa sababu hiyohiyo, kila anaetaka kuingia au kutoka kisiwani bila chombo anapita pale. Mwenye mtumbwi angeweza kufuata mkono wa bahari unaoingia ndani kuelekea nchi ya Warabai, ni njia ambayo hata wamisionari walikua wanaitumia kwenda na kurudi. Kwahiyo mtu lazima ajue mwezi, ajue maji, ajue nani analala wapi. Aliyetoroka alikua amepanga. Waelezee na hatari: ng'ambo kulikua na watu wanaokamata watoro kwa malipo, na Wamijikenda wenyewe hawakua kitu kimoja, kuna waliowaficha watoro wakaishi nao na kuoana nao, na kuna waliowarudisha au kuwauza tena. Mtu anakimbia hajui atakaekutana nae ni yupi.

Mpe kila mmoja nafasi ya kusema angebeba nini. Watoto hasa hulipenda hili, na majibu yao yatakusaidia baadae mkifika Rabai. Msiharakishe hapa, nusu saa si nyingi.

Kengeleni

Pandeni matatu zinazovuka Nyali Bridge kwenda Kisauni, Bamburi au Mtwapa, mwambie makanga awashushe Kengeleni. Watu wanapita pale kila siku kwenda kazini wanapaita Kengeleni bila kuangalia kengele yenyewe, nayo ipo, imening'inia kwenye mnara wake kandokando ya barabara kubwa. Angalia usalama, magari ni mengi, panga watu upande mmoja na usivuke na kundi lote kwa mpigo.

Hapa ndo Frere Town. Jina ni la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa na Uingereza kwenda kumshinikiza Barghash juu ya ule mkataba wa 1873. Mkataba ukishafanyika na manowari zinakamata majahazi, likaja swali, hawa watu wanaotolewa baharini wataishi wapi? Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kiingereza, wakamtuma William Salter Price, wakanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na kuanzia 1875 mateka wakawa wanashushwa hapa kwa mamia, wengi wao watoto. Kengele ilikua ya kuwaita watu kazini, shuleni na kanisani, na inasimuliwa kwamba ilipigwa pia kutoa onyo wakati wa hatari. Na hatari ilikuepo kweli, 1880 mji ulichemka, wenye watumwa walikua wamechoshwa na misheni kwa sababu watoro wanakimbilia huko, na Frere Town ikakaa kwa hofu ya kuvamiwa.

Ukimaliza hapo usiwaache watu wakidhani Frere Town ilikua peponi. Msimamizi mmoja wa misheni, Streeter, alikua akiwapiga na kuwafunga watu waliokombolewa kiasi cha kufanyiwa uchunguzi 1881, akaondolewa. Fikiria mtu ametolewa kwenye jahazi anaambiwa yuko huru alafu anachapwa viboko na yule aliyemwambia hivo. Sema wazi. Kuna waongozaji wanaliruka hili kwa kuogopa kuudhi watu wa kanisa, lakini ni watu wa Frere Town wenyewe walioumia na ni wao tunaowasimulia.

Na wataje kwa majina, manake majina yapo. William Jones, Ishmael Semler, George David: hawa walitekwa wakiwa watoto, wakaokolewa na kupelekwa India, wakasomeshwa huko Nasik, upande wa Bombay, ndo sababu waliitwa Wabombay, alafu wakarudi Afrika miaka ya 1860 wakiwa mafundi na walimu. Jones na Semler wakapewa ushemasi 1885 na Askofu Hannington. Mwaka huohuo Hannington akasafiri kwenda Uganda, Jones akiwa nae, Hannington akauawa Busoga na Jones ndo aliyeurudisha msafara mpaka pwani. Mwengine wa Nasik ni Matthew Wellington, alikua kwenye kundi lililoubeba mwili wa Livingstone kutoka bara kuja pwani, akaishi huku Mombasa mpaka uzee wake, alifariki 1935, yani kuna wazee ambao wazazi wao wangeweza kumuona kwa macho.

Kanisa la Emmanuel lipo karibu, mwaweza kutembea mpaka pale, ukiwa umepanga na wenyewe. Ukiwa na wanafunzi wa chuo wagusie kwamba chuo cha dini kilichoanzishwa Frere Town 1903 kilihamia Limuru 1930 na ndo St Paul's University ya leo. Na kama muda unaruhusu, upande wa Nyali liko kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Krapf, aliyefariki Julai 1844 miezi michache tu baada ya kufika, yeye na mtoto wake mchanga. Mimi siku ya watoro huwa sipiti huko, muda wa Rabai ni adimu.

Rabai, na hapa ndo penyewe

Rudini mjini mpande gari za Mazeras, kutoka Mazeras mnachukua nyingine au boda kuingia Rabai. Kama kundi ni kubwa kodi matatu nzima toka asubuhi, utaokoa muda na mtu mzima asietembea vizuri atakushukuru. Kuleni Mazeras kabla ya kupanda, au bebeni chakula.

Mkiwa njiani waambie wachungulie dirishani. Nchi inapanda, bahari inabaki nyuma, hewa inabadilika. Umbali wa kilomita ishirini na kitu kutoka kisiwani. Mtoro aliyeanzia Mombasa alikua anazitembea hizi usiku, aliyeanzia Malindi alikua na siku kadhaa za nyika isiyokua na maji.

Makumbusho yako kwenye eneo la misheni, pamoja na kanisa la St Paul na nyumba za wamisionari Krapf na Rebmann. Muongozaji wa pale atawaelezea habari za Krapf na Rebmann, msikilizeni vizuri, na mlipeni vizuri pia, ana mambo ambayo hayako kwenye vibao. Akimaliza ndo wewe unaendelea na watoro. Tafuta mti wenye kivuli, kaeni chini, usisimulie ukiwa umesimama katikati ya jua.

Simulia hivi. Misheni ilikua na agizo la kutopokea watoro. Sheria ya Sultani ilikua upande wa wenye watumwa, konseli (balozi mdogo) wa Uingereza hakutaka ugomvi na Sultani, na wakubwa wa misheni walijua wakiwapokea hadharani watafukuzwa pwani. Kuna watoro waliofika wakarudishwa kwa mabwana zao. Hilo pia liseme, bila kulipaka rangi. Lakini Rabai ilikua mikononi mwa Waafrika, George David na baadae William Jones, watu ambao wao wenyewe walishawahi kufungwa kamba, na usiku wa manane mtu akigonga mlango akiwa na majeraha ni vigumu sana mtu kama huyo kumwambia rudi ulikotoka. Watoro wakawa wanaingia. Wanalima pembeni, wanajifunza kusoma, wanabatizwa, wengine hawabatizwi wanakaa tu, idadi inakua mpaka haifichiki tena.

Na siyo wote walitegemea misheni. Ndani ya nchi ya Wagiriama palikua na Fuladoyo, kijiji cha watoro ambacho kiongozi wake alikua David Koi, Mgiriama aliyebatizwa. Walikua wanajitawala, wanalima chakula chao, wanajilinda. Wenye watumwa wa pwani hawakuweza kulivumilia jambo hilo kwa sababu kila siku Fuladoyo inapokua imesimama ni mwaliko kwa kila mtu aliyeko shambani. 1883 David Koi akakamatwa akauawa na kijiji kikavunjwa. Mbali zaidi kaskazini, Witu ya Sultani Ahmed Simba nayo ilikua inapokea watoro toka miaka ya 1860, huko wakawa sehemu ya nguvu zake dhidi ya Zanzibar. Ukitaja Fuladoyo na Witu watu wataelewa kwamba mtoro alikua na zaidi ya mlango mmoja wa kugonga, na kwamba alichagua.

Sasa 1888. Kampuni ya Imperial British East Africa inakuja kuchukua utawala wa pwani, wenye watumwa wamekasirika, wanataka watu wao waliojificha misheni, na wanatishia fujo. Muwakilishi wa kampuni, George Mackenzie, akafanya hesabu akakuta watoro kwenye vituo vya misheni wanazidi 1,400, wengi wao hapa Rabai. Kuwarudisha haiwezekani bila vita na aibu. Akakubaliana na wenye watumwa awalipe dola 25 kwa kila kichwa, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa hapahapa Rabai.

Hapo simama kwanza kabla hujaendelea. Waulize pesa zilienda kwa nani. Zilienda kwa wenye watumwa. Mtu aliyefanya kazi miaka bila ujira, akatembea nyika usiku, akaishi na hofu, alipata karatasi, na aliyemtumikisha akapata pesa. 1907 fidia ilikua hivohivo, wenye watumwa ndo walioruhusiwa kudai. Kundi langu lolote hapa huwa linachemka, na mimi nawaacha wachemke, hiyo ndo sehemu ambayo watu wanaanza kuzungumza wao kwa wao badala ya kunisikiliza mimi. Lakini ongeza na hili: kampuni haikutoa zile pesa kwa huruma tu. Ililazimika kwa sababu watu zaidi ya 1,400 walikua wameshaondoka mashambani na hawarudi. Uhuru walishajichukulia kabla ya karatasi.

Sasa rudi kwenye yale majibu ya asubuhi pale Leven, waliosema wangebeba maji, kisu, mtoto. Waulize kama bado wanasema hivohivo. Mtu aliyesema mtoto, muulize mtoto akilia njiani atafanyaje. Swali hili ni zito, kwa wanafunzi wadogo liache.

Msitu wa kaya ya Warabai uko karibu lakini ni mahali patakatifu pa wazee na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda toka 2008. Hamuingii bila ruhusa ya wazee na bila mtu wao wa kuwaongoza. Kama hamkupanga, msiombe siku hiyohiyo.

Maswali yatakayokuja na namna ya kuyashika

Litakuja swali la dini, kila mara. Nani alaumiwe, Waislamu, Wakristo, Waarabu, Wahindi, Wazungu. Usikwepe na usichukue upande. Jibu kwa vitu vilivyotokea: waliomiliki mashamba hapa walikua Waarabu na Waswahili, mtaji mwingi ulikua wa wafanyabiashara wa Kihindi, Wayao na wengineo waliuza watu wa jirani zao, bidhaa za mashamba na pembe za ndovu zilinunuliwa Ulaya na Marekani, na Waingereza haohao waliokamata majahazi waliacha kumiliki mtumwa kuwe halali mpaka 1907. Kila mtu kwenye kundi atakuta kipande kinachomuuma, na hapo mazungumzo yanakua ya haki.

Usimuulize mwenyeji wa Kisauni wala Rabai kama babu yake alikua mtumwa. Hilo swali huku linaumiza mpaka leo, kuna ndoa zimevunjika kwa sababu yake. Mzee akitaka kusema atasema mwenyewe, na akianza nyamaza umsikilize, usimrekodi mpaka umuombe ruhusa. Na msalimie kwanza kama anavostahili, shikamoo yake, habari za nyumbani, usimkimbilie na maswali kama askari.

Kuna watakaouliza kuhusu mapango ya Shimoni. Ni mahali pa kwenda, wenyeji wanayasimamia wenyewe, lakini ni Kwale huko kusini na ni siku nyingine, huwezi kubandika kwenye safari hii. Na wataolinganisha na Zanzibar, kule Mkunazini kanisa lilijengwa juu ya soko la watumwa kuanzia 1873, waambie wakifika kule waulize pia habari za waliotoroka, wasikubali kuonyeshwa chumba na minyororo tu.

Ukiwa na nusu siku tu, chagua. Usijaribu kubana vyote. Kwa watu wazima mimi ningeacha Mji wa Kale wote isipokua zile ngazi za Leven, nipite Kengeleni dakika ishirini, alafu niende Rabai moja kwa moja. Kwa watoto wa darasa la nne mpaka la sita fanya Leven na Kengeleni peke yake, wape karatasi wachore njia yao ya kutoroka kutoka kisiwani mpaka bara, waweke maji yanapopwa na pa kujificha mchana, na Rabai iache mpaka wakue kidogo. Kwa vyovyote vile ondokeni Rabai kabla ya saa kumi na moja jioni kama hamna gari yenu, manake gari za kurudi Mazeras zikianza kupungua zinapungua kwelikweli, na barabara kuu ya kuingia Mombasa jioni malori ni mengi.